Anajibu "poa" tu siku hizi: ni tabia yake au anaumwa?

*"Shikamoo daktari. Niko Mwanza, naishi Igoma, nauza dagaa pale Mwaloni Kirumba. Nina mdogo wangu wa kiume, ana miaka 27, anavua dagaa visiwani, mwezi ukiwa mkubwa ndo anarudi mjini anakaa kwangu. Alikuwa muongeaji sana, voisi zake za WhatsApp dakika tatu nne anaigiza watu wa kambini mpaka nacheka peke yangu sokoni. Miezi miwili iliyopita waliibiwa injini ya mtumbwi ambayo mkopo wake hata haujaisha, tangu hapo amebadilika. Ukimuuliza habari anajibu poa, freshi, sawa dada, basi. Zamani tulikuwa tunaongea Kisukuma, siku hizi Kiswahili kitupu kama mgeni. Juzi kaniambia mimi mtu wa mkosi tu, kila ninachoshika kinaharibika, siku zote. Mume wangu anasema ni kiburi, jirani anasema karogwa, na nimeona video inasema mtu wa mimi mimi ni mbinafsi na anayekujibu neno moja anakudharau. Je hii ndo tabia yake halisi imejitokeza au anaumwa? Maneno ya mtu yanaweza kuonyesha? Ningejua ningemkopesha hela mapema. Ningejua nisingemwacha arudi kisiwani, mimi ndo mkubwa wake. Nifanyeje?"*

Marahaba dada yangu. Pole sana, na pole ya injini pia maana najua pale ziwani injini ikiondoka imeondoka na kazi, na deni linabaki palepale.

Nikikuelewa vizuri unauliza kitu kimoja: huyu anayejibu "poa" ndo yeye wa kweli siku zote alikuwa anajificha nyuma ya vichekesho, au kuna kitu kimempata. Nikujibu moja kwa moja kabla sijaeleza. Tabia ya mtu mzima haigeuki ndani ya miezi miwili. Mtu wa miaka 27 ambaye amekuwa mchangamfu tangu utotoni hawi mtu mwingine kwa sababu ya wiki nane, kinachogeuka haraka hivyo ni hali yake ya ndani. Na ndiyo, maneno yanaonyesha, ila sio kwa namna ile ya kwenye video.

Tuanze na hiyo video maana imekuongezea mzigo bure. Suala la "mimi mimi" limepimwa na wanasaikolojia kwa muda mrefu, anayejulikana zaidi ni James Pennebaker wa chuo kikuu cha Texas kule Marekani, yeye na wenzake walitengeneza programu ya kompyuta inayohesabu maneno madogo madogo ambayo mtu hayafikirii anapoongea. Mwaka 2015 ukatoka utafiti wa watu zaidi ya 4,800 wa Marekani na Ujerumani, wakaangalia kama wanaojiona sana wanasema "mimi" kuliko wengine, wakakuta karibu hakuna uhusiano wowote. Ambao mara nyingi wanajitaja zaidi ni watu wenye huzuni na msongo. Mtu mwenye jino linalouma akili yake yote iko kwenye jino, na mtu mwenye maumivu moyoni akili inarudi kwake mwenyewe hivyohivyo. Kwa hiyo mdogo wako kusema "mimi mtu wa mkosi" sio ubinafsi hata kidogo.

Lakini usianze sasa kuhesabu "mimi" zake. Kwanza huo uhusiano wenyewe ni mdogo, unaonekana ukichukua maelfu ya watu, kwa mtu mmoja haukupi jibu. Pili tafiti nyingi hizo ni za Kiingereza, na Kiingereza huwezi kusema umekula bila kutaja "mimi". Sisi tunasema "nimekula", ile mimi imeshajificha kwenye kitenzi, tukiongeza "mimi" mbele tunakuwa tunasisitiza au tunajitofautisha na wengine. Alafu Kiswahili kinakuruhusu kujitoa kabisa kwenye sentensi yako mwenyewe. Mtu hasemi "nimechoka", anasema "maisha yanachosha", hasemi "sina hamu ya kuishi hivi", anasema "mtu unajikuta umekaa tu". Watu wengi wanaokaa kwenye kiti mbele yangu wanaanza hivyo, wanaongea habari za "mtu" dakika ishirini nzima mpaka unagundua huyo mtu ni yeye. Ukipima maumivu ya Msukuma kwa hesabu ya Kiingereza utamkosa.

Kuhusu tabia yenyewe. Mwaka 1936 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Allport na Odbert, walipekua kamusi kubwa ya Kiingereza wakatoa maneno karibu 18,000 yanayomwelezea mtu, wazo lao likiwa kwamba kitu kikiwa muhimu kwenye maisha ya watu lazima lugha iwe na jina lake. Na sisi tunayo ya kwetu: mpole, mchangamfu, king'ang'anizi, mwepesi wa hasira, mtu wa watu. Maneno hayo tunampa mtu baada ya kumwona miaka, kwenye harusi na kwenye msiba, akiwa na hela na akiwa hana. Wewe umemwona mdogo wako miaka 27, neno lake unalijua. Angekuwa ni mkimya wa kuzaliwa "poa" yake isingenishtua. Kipimo changu ni yeye wa zamani, simlinganishi na jirani yako wala mtu wa kwenye video.

Sasa hapa nataka tukae kidogo maana ndo penyewe.

Kiswahili kina sheria ambayo hatujawahi kuandikiwa lakini wote tunaifuata, salamu haijibiwi vibaya. Ukiulizwa hujambo unasema sijambo hata kama homa imekushika, ukiulizwa habari unasema nzuri hata kama umetoka makaburini. Ukweli unakuja baadaye na mlango wake ni neno moja dogo, "ila". Nzuri, ila mtoto kaamka na homa. Salama tu, ila jana tulizika. Poa dada, ila huku upepo umekataa siku ya tatu hatujaingia majini. Kwa hiyo "poa" yenyewe haina habari yoyote ndani yake na sio dharau, ni kama kugonga hodi, habari iko kwenye "ila".

Ukirudi kwenye simu yako ukasikiliza voisi zake za zamani nina uhakika utazikuta hizo "ila" nyingi, ila taa imezimika usiku, ila fulani kaungua uji. Alafu angalia meseji za hizi wiki nane. Poa. Freshi. Sawa dada. "Ila" imeondoka, na mtu akiacha kusema "ila" haimaanishi shida zake zimeisha, mara nyingi amefikia mahali anaona kukuambia hakutabadilisha kitu, au anaona yeye mwenyewe ndo shida sasa akuelezee nini. Hii sio ya utafiti wa maabara, ni ya miaka yangu ya kukaa na watu, na naiamini.

Kwa nini inakuwa hivyo? Sonona, yaani ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha ambao nauhisi hapa, inakula nguvu, na kuongea ni kazi kubwa kuliko tunavyodhani. Kupiga stori unatakiwa ukumbuke kilichotokea, ukipange, uone picha ya anayekusikiliza, ukadirie atacheka wapi, alafu utoe na sauti. Mtu mwenye sonona kila hatua hapo imekuwa nzito kama kuvuta mtumbwi kwenye mchanga. Ndo maana sauti inashuka, inakuwa ya mstari mmoja, anakaa kimya kirefu kabla ya kujibu, na anachagua jibu lenye herufi chache. Hakuchagua kukunyima stori, hazitengenezeki kichwani.

Na kuna kitu kingine kwenye ile sentensi yake ya juzi. "Kila ninachoshika kinaharibika, siku zote." Angalia hizo "kila" na "siku zote". Mwaka 2018 watafiti wa chuo kikuu cha Reading, Uingereza, walisoma maandishi ya watu zaidi ya 6,400 kwenye mitandao, wakakuta maneno ya namna hiyo, siku zote, kamwe, kabisa, hakuna hata mmoja, yanajaa zaidi kwa watu wenye sonona na wasiwasi, na yanazidi kwa wanaofikiria kujiua. Akili yenye maumivu haioni tena katikati, inaona yote au hakuna. Injini moja iliyoibiwa na mwizi imegeuka kuwa "kila ninachoshika". Kumbukumbu nayo inafanya hivyohivyo, tangu miaka ya 1980 inajulikana kwamba mtu mwenye sonona kali ukimwomba akutajie siku moja alifurahi anakupa ujumla, "nilipokuwaga naenda shule", ile siku moja yenye jina na harufu yake haiji. Ukimuuliza kambini jana ilikuwaje na yeye ambaye alikuwa anaigiza watu mmoja mmoja akakujibu "kama siku zote", nadhani unanielewa.

Hilo la Kisukuma umelitaja kama dogo ila mimi lilinisimamisha. Lugha ya nyumbani ndo mtu anaitumia kulia na kutania, ile ya pili inampa umbali kidogo na moyo wake. Kijana aliyekuwa anakusalimia "mwangaluka" akaanza kukuongelesha kama karani wa ofisi, huenda anajikinga tu, anaogopa akiingia Kisukuma machozi yatakuja.

Hata hivyo dada, mimi sijamwona na siwezi kumpima kwa meseji, kwa hiyo pima na haya mengine. Kazi ya dagaa ni ya usiku, taa zinawaka hao wanavuta mpaka alfajiri, usingizi wao umegeuka tayari. Usimhukumu siku ametoka ziwani maana kila mvuvi hapo anajibu neno moja. Mwangalie mwezi ukiwa mkubwa, dagaa hawafuati taa, yuko kwako kapumzika siku tatu nne. Bado hali chakula? Bado analala mchana kutwa au anaamka saa tisa usiku anakaa? Mpira hataki, watu hataki? Mambo kama hayo yakienda karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi sisi tunaacha kuita uchovu. Angalia na pombe, maana wanaume wengi huzuni yao haitoki kama machozi, inatoka kama hasira na chupa, na pombe inaizidisha. Na mwili wenyewe uangaliwe, kuzunguka ziwa letu kichocho kipo kingi, malaria ipo, upungufu wa damu upo, vyote hivyo vinaweza kumfanya mtu awe mchovu na mkimya, kwa hiyo kipimo cha damu na cha haja sio kupoteza hela.

Mumeo anasema kiburi. Mwambie kwa heshima kwamba mwenye kiburi hasemi "mimi mtu wa mkosi", na aibu ya deni kwa nje inafanana sana na kiburi, wote wawili hawakuangalii usoni. Kuhusu kurogwa sitabishana na jirani yako, najua tunaishi wapi. Maombi na dua zinamsaidia mtu asijione yuko peke yake, endeleeni. Ninachokataa ni kumtoa hela za mwisho akazidi kudaiwa, au kuambiwa asiende hospitali mpaka zoezi liishe, na hilo nimeliona likiwapotezea watu miezi.

Sasa uongee naye vipi. Usimwite sebuleni ukamkalisha mbele yako na mume wako pembeni, hiyo ni kesi. Mtafutie kazi ya mikono mkae ubavu kwa ubavu, mnachambua dagaa, macho yote yako kwenye ungo, hapo ndo mdomo unalegea. Usimuulize "habari" maana utapewa "poa". Anza wewe na "ila" yako ya kweli, kwa Kisukuma, mwambie wiki hii mvua imenikutia mzigo haujakauka nimeuza kwa hasara, na hata usiku silali vizuri nakuwazia. Alafu nyamaza. Kimya kitakuumiza, vumilia, yeye anahitaji muda mrefu kuliko wewe kupata neno. Akitoa nusu sentensi mrudishie hiyohiyo, "unasema unajiona mkosi", usikimbilie kumfariji. "Jikaze wewe mwanaume" usiseme, "wenzako wana shida kuliko wewe" usiseme, zote hizo zinamfundisha afunge mlango. Na swali la jumla liache, mpe dogo, badala ya maisha yanaendaje muulize leo asubuhi ulivyoamka ulikuwa unawaza nini.

Na kuna swali lazima uliulize hata kama ulimi utakuwa mzito: "Imefika mahali unawaza bora ufe?" Watu wengi wanaogopa kwamba ukiuliza unampandikizia wazo, haiko hivyo, limechunguzwa na kuuliza hakumsogezi mtu huko, mara nyingi anapumua maana alikuwa amelibeba peke yake. Sikiliza sana maneno kama "mtapumzika", "mtanikumbuka", "deni litaisha tu lenyewe". Angalia akianza kugawa vitu vyake au kuaga watu bila safari, na uwe makini zaidi akitulia ghafla baada ya kipindi kibaya. Ukikuta hivyo usisubiri asubuhi, usimwache peke yake, asiingie ziwani, sumu za kuulia wadudu wa mazao zitoke nyumbani, na mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, saa yoyote dharura wanapokea.

Hata kama hajafika huko, wiki mbili zimeshapita mara nne, mimi ningempeleka aonwe. Bugando kuna idara ya magonjwa ya akili, hospitali ya mkoa ya Sekou Toure nako ulizieni huduma ya afya ya akili mtaelekezwa, na kama anaogopa jina hilo anzeni na kituo cha afya cha karibu kwa sababu ya uchovu na usingizi. Watamuuliza maswali, pengine lile dodoso la maswali 9 la wiki mbili zilizopita, lipo kwa Kiswahili. Sio kwamba anakwenda kufungiwa. Sonona ya wastani mara nyingi ushauri wa maongezi unatosha, ikiwa kali wanaongeza dawa, na uwe mkweli kwake kwamba dawa hizo zinachukua wiki mbili mpaka nne hivi kabla hajaona tofauti, na haziachwi ghafla kisa umejisikia vizuri. Deni halitalipwa na dawa, hilo nalo mwambie, litahitaji kukaa na mwenye mkopo na mwenzake wa mtumbwi wapange upya, ila mtu mwenye usingizi na hamu ya kula anapanga vizuri kuliko alivyo sasa.

Na usidhani wewe huna nafasi kwa sababu sio mtaalamu. Zimbabwe kuna daktari wa akili anaitwa Dixon Chibanda, tangu 2006 pale Harare walianza kuwafundisha kina bibi wa mitaani kukaa na watu kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasaidia kuchukua shida moja, moja tu, na kuitafutia hatua ya kwanza. Kwa Kishona hali yenyewe wanaiita kufungisisa, kuwaza kupita kiasi, kama sisi tunavyosema "ana mawazo". Walipopima, majibu yakatoka 2016, waliokaa na wale bibi baada ya miezi sita walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mdogo wako ana mafungu ya shida kichwani yamechanganyika, msaidie kushika moja.

Mwisho ni wewe mwenyewe. Kwenye meseji yako fupi umeandika "ningejua" mara mbili, na "mimi ndo mkubwa wake". Ukiniuliza mimi ninasikiliza nini kwa mtu, hiyo "ningejua" naisikiliza sana, ni mtu anayeishi jana akijichapa. Hukuiba injini dada. Ungezipata wapi hizo hela za kumkopesha na wewe mzigo wako uko juani unasubiri mnunuzi? Kama na wewe usiku hulali, siku mtakayokwenda hospitali usimsindikize tu, kaa na wewe kwenye kiti uulizwe.

Kwa sasa usimpigie kumuuliza chochote. Mtumie voisi, fupi, kwa Kisukuma, mwigize mteja wako yeyote wa leo pale Mwaloni kama yeye alivyokuwa anakuigizia watu wa kambini, alafu mwambie mwezi ukikua aje, kuna ungo wa dagaa unamsubiri. Akijibu "poa", mwache nayo mpaka atakapofika. Mkishakaa niandikie alisema nini, hata kama ni neno moja.